Ramani yenu ni ya kijani, msitu una visiki: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya misitu Nyanda za Juu Kusini

Kwa Waheshimiwa viongozi na watendaji wote mliopewa dhamana ya misitu,
Mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe.

YAH: MATUMIZI YA PICHA ZA SETELAITI KATIKA KUFUATILIA AFYA YA MISITU, NA RAMANI ILIYOTUMIKA KUFUNGA MALALAMIKO YETU

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Ninaandika nikiwa katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji kimojawapo kati ya vinavyopakana na msitu wa hifadhi mkoani Mbeya. Jina la kijiji nimeliacha kwa makusudi. Wanaopasua mbao ndani ya hifadhi na wanaowaripoti wanachota maji bomba moja, na wengine ni ndugu wa damu. Ofisi iliyotujibu nayo siitaji. Inajijua, na nakala za barua zetu zenye muhuri wa masijala yake zipo kwenye faili la kijiji. Nimeona niwaandikie ninyi nyote kwa pamoja, kuanzia wilayani hadi wizarani, kwa sababu tulichofanyiwa sisi kinaweza kufanyiwa kijiji chochote kuanzia Rungwe mpaka Mufindi, na kwa sababu njia ya kimya kimya tumeshaimaliza. Tulipeleka taarifa za doria. Tukapeleka barua ya mwenyekiti. Tukapeleka muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Kila mara tuliambiwa suala linafanyiwa kazi.

Malalamiko yetu yalikuwa mepesi kueleweka. Katika miteremko ya juu, mbali na njia ya kawaida ya doria, miti mikubwa ya podo inaangushwa kwa chenso, mmoja leo mwingine wiki ijayo, inapasuliwa palepale ilipoangukia, na mbao zinashushwa usiku kwa vichwa hadi barabarani, kisha kwa pikipiki. Tulitaja visiki, tukaambatanisha alama za GPS zilizochukuliwa kwa simu. Jibu lilipokuja hatimaye halikuja kwa maandishi. Tulioneshwa ramani iliyochapwa, ya kijani kuanzia kigingi hadi kigingi, tukaambiwa kwamba setelaiti imethibitisha msitu uko salama, kwa hiyo wanakijiji tuache majungu. Tulipoomba nakala tukaambiwa ni nyaraka ya ofisi.

Sina ugomvi na setelaiti. Naamini kwamba kwa misitu mikubwa na miinuko mikali kama yetu hakuna askari wa kutosha duniani wa kuilinda bila msaada wa jicho la juu. Ninachokataa ni picha ya setelaiti kutumika kumnyamazisha mtu aliyefika msituni kwa miguu, wakati kazi yake hasa ni kumwonesha pa kwenda. Hoja zetu ni hizi.

1. Ukijani umegeuzwa cheti cha afya

Ramani ile, kwa maelezo ya aliyetuonesha, ilitokana na kipimo kinachoitwa NDVI. Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na hurudisha juu mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu halioni. Setelaiti hupima vyote viwili. Tofauti yao hugawanywa kwa jumla yao, na jibu huangukia kati ya -1 na 1. Maji huwa chini ya sifuri, udongo mtupu hupita sifuri kidogo, na mimea iliyosheheni majani hupanda kuelekea 0.8 au 0.9. Ni kipimo kizuri cha siku nyingi, na kimesaidia nchi nyingi kuuona ukame kabla mazao hayajakauka.

Lakini kinahesabu majani. Hakiulizi ni majani ya nani. Shamba la chai la Mufindi lililotiwa mbolea, parachichi za Rungwe, misindano ya miaka mitano na msitu wa asili uliokuwepo kabla ya babu zetu vinaweza kupata alama zinazokaribiana kabisa. Kuna na kasoro nyingine inayojulikana kwa kila anayefanya kazi hii: majani yakishakuwa mengi, kipimo hufika kikomo na hakipandi tena. Ndiyo maana msitu mzito unaweza kupoteza miti yake mikubwa na namba isitikisike.

Halafu kuna ukubwa wa kile setelaiti inachokiona. Pikseli, yaani kijiraba kidogo kabisa kinachounda picha, kwa setelaiti za Landsat za Marekani ni mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Ya Sentinel-2, setelaiti za Ulaya, kwa rangi zinazotumika kukokotoa NDVI, ni mita 10 kwa 10. Mtu akiangusha podo mmoja na kuacha majirani zake wote wamesimama, ndani ya pikseli ya Landsat pengo lake linamezwa na majani yaliyobaki. Mvua zikinyesha, vichaka na miti ya kukua haraka huziba uwazi, na kwa anayetazama kutoka juu pale hapakutokea kitu. Huo ndio upasuaji wa mbao tulioulalamikia. Hatukusema msitu umefyekwa, tulisema unachomolewa miti. Ofisi ikajibu swali ambalo hatukuuliza.

Kipunji angeweza kuwaeleza vizuri zaidi. Kima huyu, ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 ingawa wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimjua kwa jina hilo hilo, anaishi katika misitu ya Rungwe na Livingstone huku kwetu na Ndundulu kule Udzungwa, na sijui sehemu nyingine ya dunia anakopatikana. Husafiri juu kwa juu, tawi hadi tawi. Kwake mteremko uliojaa vichaka vya kijani baada ya miti mirefu kuondolewa ni barabara iliyokatika, hata kama kwenye ramani yenu una 0.85.

Wala sisemi setelaiti haiwezi kitu hapa. Sentinel-2 ina mikanda 13 ya mwanga, na baadhi yake hugusa maji yaliyomo ndani ya jani na mabadiliko ya ukijani ambayo NDVI ya kawaida huyapita. Kuna kifaa cha leza kiitwacho GEDI, kilichopelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mwishoni mwa 2018, kinachopima urefu wa miti kutoka kileleni hadi ardhini kwa madoa ya mwanga yenye upana wa mita 25 hivi. Na kuna njia ya kawaida tu ya kulinganisha. Vijana wetu waliosoma walifungua picha za bure za Sentinel-2 za mwezi Septemba, mwaka baada ya mwaka, kwa bando lao wenyewe. Kwenye mteremko ule walikuta mstari mwembamba unaokatiza msitu na vidoa vilivyopauka kandokando yake. Tulivilinganisha na alama zetu za GPS. Baadhi vilikuwa mawe na maporomoko ya zamani. Vingi vilikuwa na visiki.

Kazi hiyo ilifanyika kwenye simu na kompyuta ya mkononi ya kuazima. Ofisi yenye wataalamu ingeshindwa nini?

2. Ramani haikuwa na tarehe

Chini ya ramani ile hapakuwa na mwezi, wala mwaka, wala jina la setelaiti. Mtendaji wa kijiji hapokei hata barua ya kuomba kibali cha ngoma ikiwa haina tarehe.

Tarehe ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Huku kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na Rungwe hupata mvua nyingi kuliko karibu sehemu zote za nchi. Miezi hiyo msitu umevaa ukungu. Setelaiti inayotegemea mwanga wa jua huleta picha ya mawingu, ya mawingu tena, na ya mawingu. Wataalamu hulitatua hilo kwa kuokota pikseli safi kutoka siku nyingi na kuziunga kuwa picha moja inayopendeza. Hakuna ubaya, mradi iandikwe. Vinginevyo mteremko mmoja unaweza kuwa wa Machi na unaopakana nao wa Agosti iliyopita, na anayeoneshwa picha hiyo akadhani ameuona msitu wa jana.

Wapasuaji mbao wanaijua kalenda hii. Mvua zikikolea, njia zinateleza, doria zinapungua, sauti ya chenso inamezwa na radi, na juu kumefunikwa. Kwa miezi hiyo ipo rada. Sentinel-1, iliyoanza kurushwa 2014, hutuma mawimbi yake yenyewe, hupenya mawingu, hufanya kazi usiku na mchana, na data zake ni za bure. Ina matatizo yake katika milima: mteremko unaotazama setelaiti hubanwa na ulio nyuma ya kilima huingia kivulini, na mawimbi yake ya takriban sentimita 5.6 huishia kwenye majani na matawi ya juu. Mwaka 2025 zimerushwa mbili zenye mawimbi marefu zaidi, Biomass ya Shirika la Anga la Ulaya na NISAR ya Marekani na India. Mawimbi hayo huingia ndani zaidi ya msitu, hadi kwenye matawi makubwa na mashina. Tungependa kusikia kwamba kuna mtu katika mikoa hii minne ambaye kazi yake ni kuzifuatilia data hizo na kuzifanyia kazi.

3. Tahadhari za uongo katika misitu ya miombo

Upande wa Chunya na Songwe kosa linaenda kinyume. Huko ni miombo, na miombo hupukutisha majani. Kufikia Agosti na Septemba kilima kizima huwa cha kahawia, na kabla hata mvua haijanyesha miti huchipua majani mapya mekundu ambayo kwa kipimo cha ukijani hayafanani na majani ya kijani yaliyokomaa. Mtu asiyeujua msitu huo akilinganisha picha ya Aprili na ya Septemba ataandika ripoti ya maafa.

Wenzetu wa huko wametusimulia jinsi walivyofuatwa na askari na maswali kwa sababu ramani iligeuka rangi, wakati miti yote imesimama. Kwa upande mwingine matanuri ya mkaa, ambayo hula mti hapa na mti pale ndani ya msitu ambao tayari una nafasi kati ya mti na mti, yanapita bila kuonekana. Baada ya misimu kadhaa ya namna hiyo, tahadhari ya setelaiti inakuwa kengele ya shule inayolia wakati wa likizo: hakuna anayenyanyuka.

Dawa yake inajulikana. Septemba ilinganishwe na Septemba zilizopita, mwaka wa mvua haba utengwe na mwaka wa mvua ya kutosha, na kumbukumbu ziende nyuma vya kutosha kujua kipi ni desturi ya kilima hicho. Landsat ya kwanza ilirushwa 1972, na picha za mita 30 zimekuwa zikichukuliwa tangu miaka ya 1980. Hakuna mzee wa kijiji mwenye kumbukumbu iliyonyooka hivyo, ingawa mzee atakwambia ni nani alikata.

4. Misindano inahesabiwa pamoja na msitu wa asili

Hapa nitagusa watu, maana wengi wetu tuna vishamba vya misindano au milingoti, nami nikiwemo. Mbao za Mufindi, Makete na Njombe zimesomesha watoto. Tatizo liko kwenye hesabu.

Ramani za dunia zinazoonesha kupotea kwa miti, kama zile za Chuo Kikuu cha Maryland zinazoonekana kwenye tovuti ya Global Forest Watch, huhesabu uoto wa zaidi ya mita 5 kwenda juu, uwe wa kupandwa au wa asili, na wenyewe wanasema hivyo waziwazi. Kwa hiyo Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali, linapovuna eneo lililokomaa kwa utaratibu wake, picha inaandika upotevu. Mtu akipanda misindano juu ya nyasi za asili, inaandikwa ongezeko. Ofisi ikijumlisha yote kwa wilaya nzima inaweza kutangaza kwamba miti imeongezeka katika mwaka uleule ambao msitu wa asili umepungua, na isiwe imedanganya kwa tarakimu hata moja.

Na nyasi nazo zina wenyewe. Kitulo, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, inajulikana kwa maua yake na okidi zake za nyanda wazi. Huko kijani kinachopanda kwenye kipimo kinaweza kuwa ndio ugonjwa wenyewe. (Na hakuna setelaiti itakayoona mtu anachimbua viazi vya okidi kwa ajili ya biashara ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo huko Zambia. Hilo litabaki kuwa kazi ya miguu na macho siku zote.)

Nchi hii inajua kutenganisha mambo. Tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, iliyotolewa 2015, ilitumia picha za setelaiti pamoja na watu waliopima miti ardhini katika maelfu ya viwanja vya sampuli kutoka pembe zote za nchi. Ndiyo iliyotuambia kwamba Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, karibu asilimia 55 ya ardhi yake, na kwamba tulikuwa tukipoteza takriban hekta 372,000 kila mwaka. Mfumo ule uliheshimu kisiki na picha kwa pamoja. Tunachoomba ni heshima hiyo hiyo ishuke hadi kwenye mteremko mmoja wenye jina.

5. Moto unajulikana juu kabla haujajulikana chini

Kuanzia Juni hadi mvua zitakaporudi tunaishi na moto kichaa. Unaanzia shambani kwa mtu anayesafisha, au kwa mrina asali, au kwa mwindaji, na ukishapanda mteremko wenye upepo haumjui aliyeuwasha. Mashamba ya miti ya watu yameteketea kwa usiku mmoja.

Setelaiti zenye VIIRS, kifaa kinachohisi joto la moto, hupita juu yetu karibu saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku, na Shirika la Anga la Marekani, NASA, huweka nukta za joto hadharani ndani ya takriban saa tatu baada ya setelaiti kupita. Kila nukta inawakilisha pikseli ya mita 375, kama hekta 14 hivi. Haisemi moto uko kwa nani, inasema nenda uangalie hapa. Moto uliowashwa alasiri ukazimwa jioni unaweza usionekane kabisa. Lakini unaolala usiku kucha msituni unaonekana, na huo ndio unaotumaliza.

Swali letu ni fupi: nukta hizo zinafika kwa nani? Kijijini hazifiki. Kamati yetu hujua kuna moto pale majivu yanapoanza kudondoka kwenye nguo zilizoanikwa.

6. Taarifa inaishia juu

Kilichobaki kinaelezeka kwa maneno machache. Ramani zinachorwa kwa Kiingereza, zinawasilishwa kwenye semina, zinahifadhiwa kwenye kabati. Kijiji kinachotajwa ndani yake hakina nakala. Tangu kanuni za biashara ya kaboni zilipotoka 2022 tunasikia vijiji vitalipwa kwa misitu iliyobaki imesimama. Vitalipwa kwa kipimo gani, na kipimo hicho kitahakikiwa na nani, ikiwa leo hatuwezi kupewa nakala ya ramani moja?

Waheshimiwa, najua yatakayosemwa, kwa sababu mengine tumeshaambiwa usoni.

Mtasema hakuna bajeti. Picha za Landsat zimekuwa za bure tangu 2008, na za Sentinel tangu zilipoanza kupatikana. Kinachohitajika ni kompyuta, intaneti na mtu aliyefundishwa, na watu hao wanahitimu kila mwaka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako pia kuna kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni. Tukipiga hesabu ya fedha basi tuipige yote. Maji yanayotoka Poroto na Kipengere huteremka Usangu, yakawa Ruaha Mkuu, yakapita Mtera na Kidatu, yakaingia Rufiji hadi kwenye bwawa la Julius Nyerere lililojengwa kuzalisha megawati 2,115. Upande wa pili Kiwira na Mbaka zinashuka Ziwa Nyasa. Mshahara wa mchambuzi mmoja wa picha hauwezi kuwa ndio mzigo.

Mtasema wanakijiji si wataalamu. Ni kweli hatujui kusahihisha picha iliyopindishwa na mlima. Tunajua kisiki kibichi na kisiki cha mwaka juzi, tunajua mti ulioanguka kwa upepo na ulioanguka kwa chenso, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ilitutambua katika usimamizi kwa sababu hiyo. Mtaalamu akikaa na kamati asubuhi moja juu ya picha moja, wote wawili watatoka wamejifunza.

Mtasema taarifa zikitoka zitawafaidi wahalifu. Wahalifu wanajua visiki viliko. Wao ndio waliovikata. Kama kuna sehemu nyeti kwelikweli, kama wanakolala kipunji, zifichwe, tutaelewa. Mteremko unaoibiwa miti hauwi siri kwa faida ya msitu.

Na mtasema setelaiti hukosea. Hapo tunakubaliana moja kwa moja, na tunashangaa kwamba ilipowaambia mnachotaka kusikia ofisini ilikuwa haikosei.

Basi tunaomba yafuatayo.

Kwanza, tupewe nakala ya ramani tuliyooneshwa, ikiwa na tarehe za picha, jina la setelaiti, ukubwa wa pikseli na kipimo kilichotumika. Ombi hili tunaliweka chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016, inayoipa ofisi siku 30 kujibu.

Pili, ofisi itume watu wafike kwenye mteremko tuliouripoti, wakiongozana na kamati yetu, na matokeo yaandikwe na kusainiwa na pande zote mbili, hata kama yatatupinga sisi wenyewe. Hili ndilo zito kuliko yote. Tukikutwa tumesema uongo, tutajwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Tatu, uwekwe utaratibu wa kudumu: tahadhari ya mabadiliko ya msitu au nukta ya moto ikionekana ndani ya eneo linalopakana na kijiji, imfikie mtendaji na katibu wa kamati kwa ujumbe wa simu, kwa Kiswahili, ikiwa na alama za GPS. Ya moto ifike siku hiyo hiyo. Ya ukataji ifike ndani ya wiki. Kamati ikishahakiki irudishe jibu, na jibu hilo liingizwe kwenye ramani, liwe ni ukataji, ni miombo imepukutisha, ni maporomoko au ni shamba la mtu limevunwa. Baada ya misimu michache mtakuwa na kumbukumbu ya uhakiki ambayo hakuna ofisi ya mbali inayoweza kuinunua.

Nne, kila taarifa ya wilaya na mkoa itenge msitu wa asili, miti ya kupandwa, miombo na nyanda za nyasi. Namba moja ya jumla isitumike tena kujibu lalamiko la mahali pamoja.

Tano, kwa miezi ya Novemba hadi Mei pasiwe na kauli yoyote ya "msitu uko salama" inayotokana na picha za mwanga wa jua peke yake. Iambatane na rada, au na doria, au isitolewe.

Hatuombi posho. Buti na tochi tungezipokea, lakini hazimo kwenye orodha hii, na zisije zikaletwa kwa picha na mabango halafu barua ikabaki haijajibiwa.

Tukipata majibu tutayabandika kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, yawe mazuri au mabaya. Siku 30 zikipita bila jibu tutawasilisha mapitio kama sheria inavyoruhusu, na tutampelekea mbunge wetu faili zima, zikiwemo picha za Septemba na orodha ya visiki, alipeleke anakoona panafaa. Katiba, Ibara ya 27, inamwekea kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya nchi hii. Sisi tumeutimiza wetu kwa miguu, nanyi mna vitendea kazi vya kuutimizia wenu.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
Kamati ya Maliasili ya Kijiji,
kwa niaba ya wajumbe.

Nakala:
Mwenyekiti wa Kijiji
Mtendaji wa Kata
Kamati za maliasili za vijiji jirani
Ubao wa matangazo, ofisi ya kijiji